Kelele za Timu ya Hail

Al-Hail, Maskati
Jumapili, baada ya alasiri

Kwa dada yangu mpenzi, Bi Zakiya,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Barua hii naiombea ikukute umekaa kitako barazani kwako, chai iko mkononi, na ule mguu umepunguza visa. Shemegi anaendeleaje na kifua chake? Na Hatem, mwanao mdogo, bado anakutia roho juu na ile pikipiki, au ameshakua? Sisi huku, Alhamdulillah, tunakwenda. Wifi yako anakusalimu sana na anasema karafuu zako zilifika zote, wala haamini kwamba sikuzipunguza njiani. Binti yetu Aseel amemaliza mitihani na sasa analala mpaka adhuhuri kama bibi harusi.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi katika zama hizi. Lakini simu zangu hupokei, dada. Nakupigia, inalia mpaka inachoka yenyewe. Neno lako la mwisho kwangu ni ile sauti uliyonitumia, kwamba nimemvua nguo mwanao mbele za watu, na kwamba Baba angekuwa hai angenikana. Niliisikiliza nikiwa ndani ya gari pale Matrah, nikashindwa kushuka kwenda sokoni, nikarudi nyumbani mikono mitupu. Sasa Bi Nouf, mke wa jirani yetu, anasafiri kesho kuja Unguja, nami nimemwomba akutie hii mkononi. Isome mpaka mwisho hata ukikasirika katikati. Ukishamaliza, nikane ukitaka.

Nianze kwa kukutoa wasiwasi. Bader yu hai, anakula, anasali, anakwenda kazini kila asubuhi, na Alhamisi hii, inshallah, atakuwa kwako. Lakini kuna jambo juu yake ambalo wewe hulijui, na ambalo hata mimi ninayelala naye nyumba moja nililijua baada ya vijana wa mtaani kulijua. Ni kweli nimemtoa kwenye timu, na ni kweli nimemtoa mbele ya wenzake wote. Aliyekwambia hakukudanganya. Alianzia mwisho tu.

Unaijua timu yetu ya mpira wa magongo ya hapa Hail, ile waliyoianzisha wazee waliokuja kutoka Unguja na magongo yao ndani ya mizigo. Mwaka jana tulishika mkia. Mwaka huu tukaanza kuushika tena. Wazee wakanijia nyumbani Ijumaa moja baada ya sala, wakaniambia kwamba mimi ni mwalimu wa mazoezi, nimewanyoosha watoto wa skuli miaka mingi, basi niwanyooshe na hawa. Wakasema tukimaliza wa mwisho safari hii timu itavunjwa na chumba chetu watapewa vijana wa mpira wa miguu. Nikakubali kwa furaha, tena kwa haraka. Unanijua. Wewe mwenyewe ndiye uliyenibandika jina la Bwana Kaida, kwa kuwa nilikuwa nikipanga mstari hata kokwa za tende.

Siku ya kwanza nilipoingia katika chumba chao cha nyuma ya uwanja, walikuwa wametoka kufungwa mabao manne. Ningekuta msiba ningefurahi. Nilikuta harusi. Kahawa inazunguka, mishkaki imeshaagizwa, wawili wanapigana kwenye keramu, na Suud, kapteni wao, kijana mwenye maneno mengi kuliko redio, anaigiza jinsi kila bao lilivyoingia huku watu wanashika mbavu. La kwanza kalisukuma upepo, la pili ibilisi, la tatu ni hasadi ya watu wa Mabela, la nne lilikuwa limeandikwa. Bader alikuwa amekaa mahali pake karibu na mlango, anamimina kahawa, naye anacheka. Yeye ndiye aliyekuwa golikipa, yeye ndiye aliyefungwa yote manne, na hakuna hata mmoja aliyemtupia jicho. Nilipouliza kosa la nani, waliniangalia kama niliyetukana. Suud akanambia kwa adabu zote kwamba makosa ni ya wote, mwalimu.

Nikasema moyoni, hawa kushindwa kumewanogea. Wameuzoea unyonge mpaka wanautandikia mkeka. Kama kuna timu inayohitaji kugeuzwa juu chini ni hii, na ya kugeuza si miguu yao bali ni hicho chumba.

Basi nikaanza. Keramu niliibeba nikaifungia ndani ya buti la gari langu. Mishkaki nikaipiga marufuku siku ya kufungwa. Chetezo cha ubani ambacho Suud alikuwa akikizungusha juu ya fulana kila baada ya mechi, ati kuondoa jicho la watu, nikakiweka juu ya kabati. Hawakubishana nami. Walisema inshallah mwalimu, ile inshallah yetu unayoijua, na wakatazama vidole vya miguu yao.

Uwanjani nilikuta mambo mawili yaliyonichoma. La kwanza, mabeki. Alasiri, wakati wa mazoezi, walicheza vizuri na kupanda mbele kama watu. Zikifika mechi zenyewe, ambazo huku kwa ajili ya joto huchezwa baada ya magharibi chini ya taa, walikuwa wanarudi wote kujazana mbele ya lango, kama kuku walioona kipanga. La pili, kelele. Dada, sijapata kuona timu yenye kelele vile. Mpira ukivuka nusu ya uwanja, wote wanapiga ukelele kwa pamoja: kulia, kushoto, chini, unakuja, bado, sasa. Refa mmoja aliniuliza kama tunacheza au tunauza samaki. Nikaona haya.

Nikawaambia kuanzia leo atakayesema uwanjani ni kapteni peke yake, na neno moja moja. Mwengine akifungua kinywa, anatoka. Na beki atakayerudi langoni bila ya kuitwa, asije tena. Fahd, yule beki mrefu mtoto wa fundi wa mafriji, alinifuata mpaka kwenye gari. Akaanza kusema kitu, akakiacha, akaniuliza kama nyumbani hatujambo. Nikamjibu hatujambo, nikaondoka. Alikuja kunambia, na staha ikamziba mdomo. Mimi nami sikumuuliza kilichomleta.

Na nyumbani pia nilikuwa na mambo mbele ya pua yangu. Gari ya Bader ilikuwa imepigwa vumbi nje, anapelekwa na kurudishwa na wenzake. Nilipomuuliza alinambia anapumzisha injini. Chakula cha usiku alikuwa akikaa upande uleule wa sinia, na mkono wake ukienda polepole. Wifi yako akasema kijana ana adabu ya kula. Nami nikaitikia, nikawatolea mfano hata watoto wangu.

Tukacheza na Mabela. Mabeki walipanda kama nilivyoamuru. Walinyamaza kama nilivyoamuru. Nilisimama pembeni mikono nyuma, nimeridhika na nafsi yangu. Kisha mshambuliaji wao mmoja akapiga kutoka mbali, mpira wa wazi ambao mtoto angeuona unakuja. Nawe unajua ule mpira si wa kuchezea, ni mgumu kama jiwe. Bader hakunyanyua mkono. Hakuinama, hakukwepa, hakufanya chochote. Alikuwa ameelekeza uso upande mwengine kabisa mpaka mpira ukampiga kwenye wavu wa chuma wa kofia yake ya golikipa, na mlio wake ukasikika uwanja mzima. Akaanguka chali. Mkono wake ulinyanyuka kukinga baada ya mpira kuwa umeshatulia kwenye nyasi.

Alichanika kidogo juu ya nyusi, si zaidi. Tukarudi chumbani na siku ile hakuna aliyecheka. Suud alikiteremsha chetezo bila ya kuniomba ruhusa, akakiwasha, akaanza kumzungushia ubani mwenzake huku akisema ni hasadi, hasadi tupu, na wengine wakaitikia kuwa ni jicho la watu. Mimi nilikuwa bado natafuta maneno ya kuwakaripia. Bader akainuka kwenda kunawa damu. Alipofika mlangoni aliteremsha mguu kutafuta kiatu, na kabla mguu haujagusa chini Fahd alivisogeza viatu vya Bader kwa kidole gumba cha mguu mpaka vikamkuta. Hakumtazama wala hakusema kitu, alifanya kama mtu aliyekwisha fanya hivyo mara nyingi. Na mwengine akatangulia nje, akawa anatingisha funguo mkononi, polepole, na Bader akaufuata mlio wa funguo.

Nilisimama pale kama mti. Waliporudi nikafunga mlango, nikauliza nini kinachoendelea katika chumba hiki. Suud, bingwa wa maneno, alitazama mkeka. Aliyejibu ni Bader mwenyewe, kitambaa kiko juu ya nyusi.

“Mjomba, jua likizama mie sioni,” alisema. “Wao wanajua. Na mie najua kama wanajua. Hatujasemezana tu.”

Dada yangu, nimesikia habari za vifo ambazo hazikuniingia vile. Suud ndiye aliyenieleza baadaye, machozi yanamtoka na wala hayafuti. Kwamba walianza kuona mwaka jana, alipokuwa akimimina kahawa nje ya kikombe magharibi ikiingia. Hawakupanga kitu wala hawakuitana kikao. Mmoja alianza kumtajia mpira unakotoka, wengine wakafuata. Mabeki wakaanza kurudi ili usifike kwake. Na kule kucheka kwao, ibilisi na upepo na hasadi, kulikuwa ni ili asitokee mtu wa kuuliza bao hili kalifunga nani na kwa sababu gani. Walikubali kushika mkia na kuchekwa na mitaa yote, ili mwanao asije akaambiwa usoni kwamba haoni. Mimi niliwaona wavivu. Zile kelele ndizo alizokuwa akionea, na mimi Bwana Kaida nikaja nikazinyamazisha, kisha nikasimama pembeni kungoja sifa.

Nilimuuliza Bader kwa nini hakunambia. Alisema alipokuja huku kutoka kwako hakuwa akimjua mtu, na chumba kile ndicho kilichompa watu. Aliona siku atakayosema, atatoka pale golikipa na kuingia mgonjwa. Akasema pia kwamba alikuogopea wewe.

Hapo ndipo nilipofanya lile uliloambiwa. Ningeweza kumwita pembeni, nikamwambia kwa siri, kesho tukatangaza ana maumivu ya goti. Nililifikiria hilo, maana ndivyo tulivyolelewa. Lakini nilijua wangeendelea kujifanya hawajui, naye angeendelea kujifanya hajui kama wanajua, na siku moja mpira ungempiga kooni au gari ingemgonga njiani baada ya isha, nasi tukasema hasadi. Mficha uchi hazai. Nikamwambia palepale, wote wanasikia, kwamba kuanzia siku ile halindi lango tena, kwa sababu haoni usiku, na kesho asubuhi tunakwenda kwa daktari. Nililitamka hilo neno, haoni, kwa sauti, na katika chumba kile lilikuwa halijapata kutamkwa.

Suud alinigeukia kwa hasira ambayo sikumdhania. Akasema akitoka Bader wanatoka wote, na timu ife leo. Nikamjibu kwamba wanampenda, hilo nimeliona, lakini kumpenda kwa namna ile kutamuua. Hapo Bader akaifungua kofia yake, akaipapasa kidogo ile sehemu iliyobonyea, na kumnyooshea Saeed, golikipa wa akiba. Alimkosea kidogo, aliinyoosha upande wa kushoto wa Saeed. Saeed akahama akaenda kusimama pale mkono ulipoelekea, akaipokea. Kijana mmoja alitoka nje mbio, akili imemruka, na nadhani yeye ndiye aliyesema mtaani kwamba nimemtoa Bader, bila ya kusema sababu, na mtaa ukakufikishia Unguja upesi kuliko ndege.

Tangu siku ile tumecheza mechi mbili na kushinda zote mbili. Hatutashika mkia, na chumba tumekiokoa. Wazee wamenishika mkono na kunisifu kwamba nimebadilisha tabia ya timu. Keramu nimeirudisha na imekaa ukutani, hakuna anayeigusa. Sijapata kuona ushindi wenye huzuni vile. Na kelele zao hazijakoma. Mpira ukivuka nusu ya uwanja bado wanapiga ukelele, kulia, kushoto, unakuja, na Saeed, ambaye macho yake ni mazima, aliwageukia katika mechi ya kwanza kuwaambia kwamba anauona. Waliendelea tu. Na mimi sikuwanyamazisha.

Sasa nafika pale ambapo kalamu inakuwa nzito. Daktari alimpima Bader nusu siku. Akasema ni maradhi ya nyuma ya jicho, yanakula pembeni kwanza na kumnyima mtu usiku, kisha yanasogea ndani polepole, na dawa ya kuyarudisha nyuma bado haijapatikana. Mchana bado anaona vizuri, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na huenda akaona hivyo miaka mingi, Mungu akipenda. Kisha akaniuliza juu ya ukoo. Akasema maradhi ya namna hii hutoka kwa babu, mzaa mama, yakapita kwa binti yake bila ya yeye kuumwa, yakamtokea mtoto wa kiume wa binti. Akauliza baba wa mama yake Bader alikuwaje macho. Nikajibu bila ya kufikiri kwamba alikuwa akiona vizuri mpaka anakufa.

Nilipofika nyumbani, dada, ndipo nilipomkumbuka Baba. Kila baada ya magharibi alitupeleka kwa Bibi, kule Kikwajuni. Alitushika mikono, wewe kulia na mimi kushoto, na kututaka tutaje kwa sauti kila tunachokiona njiani: shimo, jiwe, baiskeli, mzee Mcha amekaa. Alisema ni ili tujifunze kutamka. Tukashindana kupiga kelele, na atakayewahi kutaja shimo alipewa jugu. Unakumbuka? Na Mama akiviweka viatu vyake mahali pamoja kila siku, na kumtia adabu atakayevisogeza. Sisi tukijua Baba anatuongoza. Sisi ndio tuliokuwa tukimwongoza, mimi na wewe, na tumefika uzeeni hatujui. Mama alijua, akanyamaza kwa kumsitiri, akafa na siri hiyo. Sikulaumu wala simlaumu. Hakuna aliyekosa hapa. Lakini kama lingesemwa wakati ule, Bader angepelekwa kwa daktari angali mtoto.

Ndiyo maana nakuomba mambo mawili, nawe unipe hata kama hunisamehe. La kwanza ni Hatem, maana naye ni mjukuu wa Baba kama nduguye. Mpeleke akapimwe macho, usingoje Bader afike, usingoje Ramadhani ipite. Na mpaka apimwe, chukua ufunguo wa ile pikipiki kila jua likizama, na mwambie kwa nini. Usimwambie petroli ghali.

La pili ni Bader mwenyewe. Amepewa likizo ya mwezi kazini, kisha atarudi kwangu. Wakubwa wake wamemuahidi kazi ya mchana. Alhamisi anapanda ndege, na itafika huko magharibi imeshaingia. Suud alitaka kuja naye, amemkatalia. Nilitaka mimi, amenikatalia pia. Barua hii nimemsomea yote. Alitaka nifute pale aliposema alikuogopea, sikufuta.

Usimlilie ukajificha jikoni. Lia mbele yake. Usimwekee viatu karibu kimyakimya, mwambie viko wapi. Wala usimnyooshee mkono ukangoja, kwa sababu hatauona na utadhani amekubadilikia.

Wifi yako na Aseel wanakubusu mikono. Vijana wote wa timu wamenituma salamu, na Fahd anasema yeye ndiye aliyekuwa akiviweka vile viatu, usije ukasahau. Msalimie Shemegi, na majirani wote walioniteta, waambie nimewasamehe nusu.

Na Alhamisi, dada, utakaposimama pale uwanja wa ndege na kumuona anatoka mlangoni, amesimama na begi lake, anageuza uso huku na huku, usiwaonee watu haya. Muite. Muite kwa sauti kubwa, na mwambie uko kulia au uko kushoto. Atakuja.

Ni mimi ndugu yako, nikupendaye hata simu ikilia bure,

Mutasim